Kambi ya Leo

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ipo nyumba ya tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Wengi huenda pale kumkumbuka yeye. Mimi namkumbuka zaidi Jacob Wainwright.

Alikuwa Myao, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Alifika Kwihara mwaka ule ule pamoja na wapagazi waliotumwa kwa Livingstone. Mzee alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliazimia kuurudisha mwili wake kwao. Walipofika tena Kwihara, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

Na katika safari hiyo Wainwright aliandika shajara. Hebu fikiri: mizigo imetuliwa, miguu inauma, moto unafuka, na mtu anatafuta mwanga wa kuandikia.

Misafara ile ilikwenda kambi kwa kambi. Pwani ndiyo iliyokuwa lengo, lakini kazi ya siku ilikuwa kufika kambi inayofuata, basi. Naamini wengi wetu hukata tamaa kwa sababu kila asubuhi tunajitwika safari nzima.

Wewe mwenye ndoto ya kuandika historia ya ukoo wenu, au ya kumaliza masomo uliyoyaacha, chukua daftari jioni hii. Andika tarehe, kisha mistari mitano ya ulichofanya leo. Kesho lifungue tena.