Hata Q Ni Yako

Ukichomoa Q kwenye mfuko wa Scrabble, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni viwe maneno, na mkononi huna U, usinyong'onyee. Herufi hiyo ina pointi 10, na wewe unayesoma Kiswahili una njia ya kuitumia ambayo wachezaji wengi waliozaliwa London ilibidi waikariri. Kamusi ya mashindano ya kimataifa, ile ya Collins, inakubali TALAQ. Inakubali pia QADI, QIBLA, WAQF, NIQAB na FAQIR. Yasome tena taratibu. Talaka, kadhi, kibla, wakfu, nikabu, fakiri: mtoto wa Tanga au Lamu huyasikia nyumbani kabla hata hajaanza darasa la kwanza! Kazi iliyobaki ni kuzoea yanavyoandikwa kwenye kamusi hiyo.

Wala si Q peke yake. MZEE linakubalika. DUKA, PANGA, BWANA, ASKARI, UHURU na MATATU yote yamo. Hata HARAMBEE limo, na ukilipanga kwa kutumia vipande vyako vyote saba pamoja na herufi moja iliyokwisha kuwekwa ubaoni, unaongezewa pointi 50 juu ya zile za neno lenyewe.

Nayasema haya kwa sababu kila ubao unapofunguliwa huwa nawasikia vijana wetu wenye akili kali wakijitoa mapema: “Mimi Kiingereza changu ni cha shule, huo mchezo siuwezi.” Jamani, nani aliyewaambia kwamba mchezo huu unapima ufasaha? Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali Kifaransa hakizungumzi. Alikaa na orodha ya maneno kwa wiki zipatazo tisa, akaingia ukumbini, akawashinda wenye lugha yao. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania, mjini Granada. Kipaji chake si cha kawaida, nakubali. Lakini amethibitisha jambo linalotuhusu sote: neno hupatikana kwa jicho lililozoezwa, hata kama ulimi haujawahi kulitamka.

Mwaka huohuo wa 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alimshinda Mwingereza Lewis Mackay michezo minne kwa bila, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Kinachonivutia zaidi ni namna Wanigeria walivyojiandaa. Wakati wengi walipokuwa wakiwinda maneno marefu ya kuvutia macho, wao walitilia mkazo maneno mafupi, hasa ya herufi tano, ili wasimfungulie mpinzani nafasi ubaoni. Walikaa chini, wakahesabu, wakachagua njia yao wenyewe.

Basi nawe kaa chini. Chukua kaunta buku moja na uanze na maneno ya herufi mbili. Katika toleo la Collins la 2019 yako 127 tu. Mtu anayeweza kukariri majina ya wachezaji wote wa Simba na Yanga hashindwi na maneno 127. QI peke yake inatosha kukulipa jasho lako: Q ikikaa kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, nawe ukaunda QI kwenda kulia na QI kwenda chini kwa pamoja, I moja ikiwa ilikwisha kuwekwa ubaoni, umevuna pointi 62 kwa vipande vyako viwili tu.

Kisha jifunze kupangua. Tuseme umeshika A, E, G, I, N, R na T. Usizikodolee macho zote kwa mkupuo. Toa I, N na G uziweke pembeni, maana maneno mengi ya Kiingereza huishia hivyo. Umebaki na A, E, R, T. Zichezeshe: TEAR. Rudisha zile tatu nyuma yake, unapata TEARING, na pointi 50 za nyongeza ni zako. Sasa usitosheke. Zivuruge tena, anza na G na R: GRANITE. Anza na I na N: INGRATE. Herufi ni zilezile saba, na maneno matatu yalikuwa yamelala humo yakikungoja uyaamshe.

Kuna mahali Kiswahili chetu hutuponza, nalo tulikabili. Tumezoea neno liishie kwa irabu, kwa hiyo tukishika konsonanti tupu tunakata tamaa. Zoeza jicho lako kuona NTH, BRR, HMM, PST. Andika RHYTHM mara nyingi mpaka mkono uiandike wenyewe. Siku utakapokosa irabu, wenzako watakuwa wakibadilisha vipande na kupoteza zamu, wewe unaandikiwa pointi.

Zile programu za simu zinazokuorodheshea maneno ukiziingizia herufi ni walimu wazuri, ila zifungue mchezo ukishakwisha. Cheza kwanza, andika pembeni herufi zilizokushinda, kisha uiulize programu ulikosa nini. Neno ulilolikosa ukalitafuta baadaye halikutoki tena kichwani.

Hata aliyeubuni mchezo huu alianza kwa kukaa chini na kuhesabu. Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyepoteza kazi wakati uchumi wa Marekani ulipoporomoka miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue E ziwe ngapi na Q ziwe ngapi. Ndiyo maana E zipo 12 na Q ipo moja. Kampuni za michezo zilimkatalia, naye hakuuacha mchezo wake. Ulipofika 1948 ndipo James Brunot akauita Scrabble na kuutengeneza kwa ajili ya kuuza.

Hakuna ubao? Kata boksi, chora miraba 15 kwa 15, andika herufi kwenye vipande 98, na vingine viwili uviache wazi. Ukimaliza, mwite jirani. Mwite na binti yako, na yule mwanafunzi anayejiona mbumbumbu wa Kiingereza. Gaweni vipande saba saba, na anzeni leo jioni.