Msaada, Heshima na Hesabu

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, nyimbo na mavazi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyopeana na kupokeana: nani hutoa, nani hupokea, na baada ya kupokea mtu hubaki na wajibu gani kwa mwenziwe. Katika makala hii twataka kulichungua swali ambalo ni la maadili kabla halijawa la uchumi. Taifa huru linapopokea kutoka nje fedha za kutibia wagonjwa wake na za kurekebisha uendeshaji wa serikali yake, je, linapoteza kitu? Na kama linapoteza, kitu hicho ni nini hasa?

Yafaa tuanzie Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, maana mahali hapa pamebeba historia ya swali lenyewe. Uwanja huu ulio kati ya mitaa ya Kariakoo na mitaa iliyoitwa Uhindini haukuachwa wazi kwa bahati. Watawala wa kikoloni, Wajerumani na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa rangi za watu, na ukanda huu mtupu ukawa mpaka wa kuwatenga Waafrika na wengine. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kwamba maradhi yasivuke. Jina la Kariakoo nalo latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliotumikishwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Hivyo basi, wageni wenye mamlaka walipolitamka neno afya mahali hapa, walilitamka juu ya wenyeji, wala si pamoja nao. Hatuyakumbuki haya kwa kinyongo. Twayakumbuka kwa kuwa yanatufundisha kwamba tiba na utawala vimeshikamana tangu zamani. Anayeamua nani atibiwe, wapi, na kwa muda gani, anatawala hata kama hana cheo chochote nchini.

Wazee wetu hawakuona aibu katika kusaidiwa. Walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Hata leo, mtu akifiwa katika mitaa ya Kariakoo au Ilala, majirani huketi wakakusanya mchango, na jina la kila mtoaji huandikwa katika daftari. Daftari lile halikuwekwa ili kumtahayarisha mfiwa. Limewekwa ili ajue ni nani aliyesimama naye, naye asimame siku ya mwenziwe itakapofika. Upatu nao ni vivyo hivyo: mpokeaji wa leo ndiye mtoaji wa kesho, na kila mwanachama ana haki ya kuuliza fedha ziko wapi. Katika desturi hizi anayepokea hadharauliki, kwa kuwa naye hutoa. Na hesabu husomwa mbele ya watu walewale ambao fedha ni zao na shida ni yao. Wazee wakaweka na kikomo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Sasa tuupime msaada wa mataifa kwa kipimo hicho. Taifa letu lilijifunza mapema kwamba mkono utoao waweza pia kukunja ngumi. Mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi kwa kuchukizwa na uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, Mwalimu Nyerere aliitaka iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali. Desemba ya mwaka huohuo tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaonya kwamba zawadi na mikopo kutoka nje haviwezi kuwa msingi wa maendeleo bila kuuhatarisha uhuru wetu. Hata hivyo ukweli lazima usemwe: katika miaka iliyofuata Azimio, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi, hasa kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya. Tuliimba kujitegemea huku tukipokea. Je, huo ulikuwa unafiki?

Sisi twaona kwamba jibu hutegemea aina ya msaada. Chukua mfano wa Kibaha. Mradi ule wa shule, afya na mafunzo ya wakulima ulianzishwa kwa mapatano ya mwaka 1962 na nchi za kaskazini mwa Ulaya, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu. Mgeni alikuja, akafanya kazi na wenyeji, akakabidhi, akaondoka. Na Shirika la Elimu Kibaha likabaki mikononi mwetu. Hapo jembe lilitolewa kwa wakati wake.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi. Tangu Marekani ilipoanzisha mpango wake wa dharura wa UKIMWI mwaka 2003, dawa za kufubaza virusi zimeokoa maisha ya Watanzania wengi mno. Watoto wamekua wakiwa na wazazi wao, ambao bila dawa hizo wangalikwisha kuzikwa. Huo ni wema, na anayeukana hana haya. Lakini Januari 2025 Rais wa Marekani aliagiza misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe, na Julai mosi mwaka huohuo shirika la USAID likakoma kuendesha misaada ya nchi hiyo. Watumishi wa afya waliolipwa na miradi walijikuta hawana kazi, na wagonjwa wakaulizana kama dozi ya mwezi ujao itakuwapo. Uamuzi huo ulifanywa Washington, na waliokuwa na haki ya kuuhoji kwa kura ni Wamarekani. Mgonjwa wa Dar es Salaam hakuwa na pa kusimama.

Hapa ndipo tunapokiona kile kinachopotea. Watu husema kwamba msaada hupoteza heshima. Sisi twasema kwamba hupoteza kwanza hesabu, na heshima hufuata nyuma yake. Fedha ya dawa ikitoka nje, anayeisimamia humwandikia taarifa aliyeitoa: kwa lugha ya mtoaji, kwa tarehe za mtoaji, kwa vipimo vya mtoaji. Mtoaji hana kosa kudai hivyo, maana naye anadaiwa na walipa kodi wake. Lakini mama aliyeketi kwenye benchi la hospitali ya Mnazi Mmoja, mtoto mgongoni, hayumo katika mazungumzo hayo isipokuwa kama tarakimu.

Mwaka 1995 jopo la washauri lililoongozwa na Profesa Gerald Helleiner wa Kanada lilipochunguza uhusiano wa Tanzania na watoaji misaada, lilizilaumu pande zote mbili: watoaji kwa kuingilia mno, na serikali kwa kuacha usukani. Baada ya hapo tukabadili hata lugha. Waliokuwa wahisani wakaitwa washirika wa maendeleo. Lakini jina jipya halikugeuza mpango wa viti mezani. Mwaka 2014, wakati wa sakata la fedha za Akaunti ya Tegeta Escrow, Bunge letu lilihoji kwa ukali, na wafadhili nao wakazuia fedha za bajeti. Kuhoji wizi ni haki. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba sauti ya mgeni ilihesabiwa kuwa na uzito kwa sababu alishika mfuko, na kwamba mfuko unapofungwa, anayeumia mapema ni yule wa kwenye benchi, ambaye hakuiba kitu.

Linganisha na jambo lililotokea Mei 2023. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa kuchukizwa na namna kodi ilivyokusanywa. Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alikutana nao hapa Mnazi Mmoja, nao wakasema hadharani yaliyokuwa moyoni mwao. Mtu aweza kuwalaumu au kuwatetea. Hilo si letu leo. Lililo letu ni hili: waliweza kuiita serikali nayo ikaja, kwa kuwa walikuwa wanailipa. Ukanda uliotengwa ili kuwagawa watu ukawa mahali pa kudaiana hesabu. Je, ni lini wagonjwa wanaotibiwa kwa fedha za mradi waliwahi kumwita mwenye mradi hapo uwanjani?

Atatokea mtu aseme: haya ni maneno ya mwenye afya, mgonjwa hali hesabu, anataka kidonge. Asemayo ni kweli. Kuukataa msaada kwa kiburi, huku anayekufa ni mwingine, si kujitegemea. Ni ukatili uliovaa nguo za heshima. Twapaswa kupokea na kushukuru. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku mwenyewe anapoitaka huna la kumjibu. Kwa hiyo anayepokea kwa ajili ya wengine ana wajibu wa kushona yake wakati bado amevaa ya kuazima.

Wajibu huo hauna siri. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi huko Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo walitupa sisi, na sisi ndio wenye haki ya kuidai. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima, ikiendeshwa kwa uaminifu, ni lile daftari la mchango lililopanuliwa likawa la taifa zima: kila mwenye uwezo anaandikwa, asiye na uwezo anabebwa na wenziwe, na wote wana haki ya kusomewa. Na fedha inayotoka nje, kwa muda itakaoendelea kutoka, isomwe vivyo hivyo kwa Kiswahili katika ukuta wa kila zahanati: kiasi kilichoingia, kilichonunuliwa, na siku msaada utakapokoma.

Taifa halidhalilishwi na kupewa. Hudhalilika pale viongozi wake wanapojua vizuri zaidi namna ya kumjibu aliye mbali kuliko namna ya kumjibu jirani. Mgonjwa akiweza kuuliza fedha za dawa yake ziko wapi, na akajibiwa na mtu anayeweza kumwondoa kwa kura, basi hata kama sehemu ya fedha hizo imetoka ng'ambo, yeye ni raia. Asipoweza, basi hata dawa ikiwa nyingi kiasi gani, amebaki kuwa mtu wa kuhurumiwa.