Jumatatu: Gombo la Isaya na Jina la Mji Wetu

Soma Isaya 40:8. Kijana mmoja hapa Sumbawanga aliuliza darasani: "Biblia imenakiliwa kwa mkono mara nyingi. Tutajuaje haikubadilishwa?" Tusimkemee, swali ni la haki. Mwaka 1947 wachunga mbuzi walikuta magombo pangoni Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Gombo la Isaya lilizidi kwa miaka 1,000 hivi umri wa nakala za Kiebrania zilizojulikana. Tofauti zipo, nyingi za tahajia. Ujumbe ni ule ule.

Ila jirani zetu hawasomi magombo. Soma 2 Wakorintho 3:2, 3. Kwa Kifipa, jina la mji wetu ni agizo: tupa uchawi. Mtoto akiugua usiku, nasi tukakimbilia kwa mganga, watakuwa wamesoma nini kwetu?