Mama wa Kiranga na Mama wa Baldr

Mjukuu wangu alitoka kwenye kibanda cha video hapa Kasulu mjini, walikoonyesha Thor: Ragnarok, filamu ya mwaka 2017, akaniuliza: "Babu, kama huyu ni mungu, mbona anachapwa hivyo?" Nimefundisha historia Kibondo mpaka nikastaafu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunibana namna hiyo. Nikamwambia huko kwenye filamu Thor kapona. Kwenye masimulizi ya watu wa Skandinavia wenyewe anamuua nyoka aliyeizunguka dunia, anapiga hatua tisa, kisha anaanguka kwa sumu yake. Odin, mkubwa wao, anamezwa na mbwa mwitu Fenrir. Na wote walijua tangu zamani kwamba siku hiyo inakuja.

Zeus wa Wagiriki hafi. Osiris wa Wamisri anauawa na ndugu yake Seth, ila anapewa ufalme wa wafu. Na sisi Waha? Wengi watakujibu upesi kwamba Imana, Mungu wa juu, hafi, basi. Ni kweli, na majina yetu yamejaa Imana, kina Bigirimana na Habonimana. Lakini bibi yangu wa Heru Juu, mtoto akiugua, hakummwagia Imana pombe ya ndizi. Alimmwagia Kiranga, mbele ya kibanda cha nyasi kisichofika kiunoni, huku akimkaripia kidogo kama mtu anayemdai shemeji yake. Na Kiranga ni marehemu.

Alikuwa mwindaji. Wanyarwanda humwita Ryangombe, na kisa chake kinasimuliwa pande zote mbili za mpaka. Mama yake aliota ndoto mbaya, akamsihi asiende porini, akalaza mshipi wake mlangoni ili asivuke. Akauvuka. Huko porini akakutana na mwanamke asiye na matiti, mwenye mtoto mgongoni. Mwanamke yule akageuka nyati, akamchoma pembe. Akafia penye mti wa umurinzi, ule wa maua mekundu, na hadi leo wapo wazee wasiouweka jikoni.

Sasa rudi Skandinavia, umtazame Frigg, mke wa Odin na mama wa Baldr. Naye aliingiwa na hofu kwa ndoto, za mwanawe. Akaviapisha moto, maji, chuma, mawe, magonjwa na nyoka visimdhuru. Akakiacha kimmea kimoja kinachoota juu ya matawi ya miti mingine, kwa kuwa alikiona kichanga mno. Loki, mjanja wao, akampa Hod, kipofu, kimmea hicho akirushe, na Baldr akafa. Akina mama wawili, mmoja kwenye barafu na mwingine kwenye migomba, na hakuna aliyefanikiwa.

Ila tofauti ndiyo inayonikosesha usingizi. Miungu wa Skandinavia wakifa, jua linamezwa na nchi inazama baharini, kwa sababu juu yao hakuna mtu wa kumkimbilia. Kuna majaliwa tu, na wanawake watatu kwenye kisima chini ya mti mkubwa, ambao hata Odin hawezi kuwabembeleza. Kiranga alipokufa, maharage yaliendelea kupandwa. Imana alikuwapo. Naona wazee wetu waligawa kazi kwa akili sana: wa juu asife, ili dunia isimame, wa karibu awe ameonja kifo, ili mfiwa apate wa kusema naye. Mungu asiyewahi kuzikwa utamwambia nini habari za kaburi?

Lazima niseme pia tunayajua haya kupitia mikono ya nani. Snorri Sturluson wa Iceland aliandika ya Skandinavia karibu mwaka 1220, Mkristo, karne mbili baada ya kisiwa kubatizwa mwaka 1000. Ile nchi mpya inayoibuka baharini mwishoni, Baldr akirudi, mimi nainusia ubani wa kanisa. Ya Kiranga nayo, mengi yaliandikwa na mapadri, na wapo waliomfanya shetani moja kwa moja. Bibi yangu asingewaelewa. Shetani wa nini, na mtu kauawa na nyati?

Alibatizwa uzeeni. Katekista alipofika kwenye msalaba, bibi alimkatiza: "Mama yake alikuwa wapi? Hakumzuia?" Akajibiwa kwamba alikuwepo, amesimama pale chini, hakuzuia. Bibi akataka kujua kama aliota kabla. Katekista akasema atamuuliza padri.