Mkono Mtupu Haulambwi

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mama yangu huyatii maneno ya wahenga kuliko nitakavyoweza mimi. Desemba 2018, tulipokuwa tukijiandaa kusafiri kwa gari kutoka Moshi kwenda Mombasa kumwona dada yangu, alitukabidhi kiroba chenye debe moja la mahindi kutoka ghalani mwake. Nilimwambia kwamba Mombasa kuna masoko. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Masoko yapo," alisema, "lakini mama yake yuko huku."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Dada yangu angeweza kununua mahindi mazuri zaidi pale Kongowea, lakini hayo yangekuwa mahindi tu. Chakula kitokacho mkononi mwa mzazi hakipimwi kwa kilo.

Tulipopita Himo nikaanza kuufikiria mpaka wa Holili. Nilisimamisha gari, nikakisukuma kiroba chini ya kiti cha nyuma na kukifunika kwa khanga. Mke wangu akauliza, "Kwani tumeiba, baba Neema?" Nikacheka, nikasema kwamba nakwepa usumbufu tu.

Mpakani alitujia kijana mmoja mkaguzi, mpole, mwenye kusema nasi kwa heshima. "Shikamoo mzee. Mmebeba nafaka, mbegu au matunda?" Nikamjibu, "Marahaba. Hakuna kitu, ni ndizi mbivu za watoto." Maneno yalitoka kinywani kwa wepesi ulionishangaza mwenyewe. Ndipo binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, akasema kwa sauti ya kunisaidia: "Baba umesahau, na mahindi ya bibi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba yangu ingekuwa na urefu wa kiti cha gari.

Kijana yule hakunifokea. Alikivuta kiroba, akachota mahindi kiganjani na kuyageuzageuza juani. Punje kadhaa zilikuwa na vitundu, na chini ya kiroba palikuwa na vumbi jeupe kama unga. "Mzee wangu, haya yana dumuzi," alisema. "Hayawezi kupita. Ungesema tu tangu mwanzo." Mahindi yakabaki, sisi tukaendelea na safari. Kutoka Taveta hadi Voi hakuna aliyezungumza.

Katika ukimya ule nilijitetea moyoni, na utetezi wangu nauweka hapa wazi ili ndugu msomaji aupime. Kwanza, nilijiambia, mpaka wenyewe ni wa nani? Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana wakiwa Ulaya kuupitisha mstari kando ya Kilimanjaro, na wenyeji hawakuulizwa. Je, mstari huo una haki gani ya kusimama kati ya mama na bintiye? Pili, tangu 2005 nchi zetu za Afrika Mashariki zina umoja wa forodha. Mahindi yaliyolimwa huku sikuwa nayadaiwa ushuru, basi nimemdhulumu nani? Tatu, debe moja ni kitu gani mbele ya malori yanayopita kila siku?

Hoja hizi si za kipuuzi. Hata hivyo, zote tatu zinajibu swali ambalo sikuulizwa. Kijana yule hakuniuliza habari za Wajerumani, wala hakutaka ushuru. Aliuliza nimebeba nini.

Na swali lake lina historia. Dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, si mdudu wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tanzania mara ya kwanza huko Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na akienea ghalani hugeuza punje kuwa unga usiofaa kitu. Mwaka 1983 akaonekana Kenya. Wapi? Taveta, ng'ambo tu ya Holili. Nataka tuukumbuke mwaka huo. Mpaka kati ya Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Sijui nani alimvusha mdudu yule, wala simshutumu mtu. Najua tu kwamba lango lililofungwa na serikali mbili halikutosha kumzuia.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mlinzi wa mpaka huona kile unachomwonyesha, na zaidi ya hapo hutegemea ulimi wako. Anayelindwa naye si serikali peke yake. Yuko mama mwingine, upande wa pili, mwenye ghala lake na wajukuu wake, ambaye mimi sitamwona kamwe. Zawadi ya mama yangu ilikuwa na haki ya kufika kwa dada yangu. Haikuwa na haki ya kupitia ghalani mwa yule mwingine bila yeye kujua.

Na udogo wa debe? Dumuzi hahitaji lori.

Laiti kisa kingeishia hapo, ningejihesabu kuwa mtu aliyefunzwa. Lakini usiku ule mama alipiga simu. "Mahindi yamefika?" Nilimsikia jinsi alivyokuwa akisubiri kufurahi. Nikasema, "Yamefika, mama. Dada anashukuru." Dada yangu akatikisa kichwa, lakini hakunikanusha. Uongo huu wa pili niliuona kuwa bora kuliko ule wa kwanza, maana ule niliusema kwa ajili ya uvivu na huu kwa ajili ya upendo.

Nilirudi kwake baada ya miezi mitatu. Nilimkuta amekaa mlangoni mwa ghala akipepeta, na ungo wake ulikuwa na unga mwingi kuliko punje. Magunia matatu yalikuwa yameliwa. Nilikaa chini nikamweleza yote, tangu khanga hadi simu. Hakukasirika kwa habari ya mpaka. Aliuliza jambo moja tu: "Ulijua tangu Desemba kwamba wamo?" Nikasema ndiyo. "Basi ungeniambia, mwanangu. Ningetia dawa."

Watu wengi husema kwamba uongo wa kumstiri mtu si uongo. Mimi pia niliamini hivyo, na bado sithubutu kusema kwamba kila ukweli usemwe kila saa. Lakini nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya kunyamaza kwa jina la upendo: huyu ninayemficha, je, angeweza kufanya nini kama angejua? Mara nyingi tunadhani tunamwepusha mtu na huzuni, kumbe tunamnyang'anya nafasi ya kujiokoa. Mkaguzi wa Holili na mama yangu waliniambia neno lile lile kwa siku mbili tofauti: ungesema tu.

Mwaka uliofuata mama alitupa kiroba kingine. Kabla ya kukifunga alichota mahindi, akayageuzageuza juani kama alivyofanya yule kijana, kisha akamwita binti yangu. "Wewe ndiwe utakayesema mpakani," alimwambia. Mimi hakunitazama.