Kilicho Chini ya Zulia

Leo twaleta jambo la nyumbani lenye swali zito ndani yake. Mtu amerithi nyumba ya zamani. Ainua zulia lililochakaa, akuta chini yake mbao za mninga zilizofichwa miaka mingi. Afanye nini? Atandike zulia jipya, amwage saruji, au azitengeneze zile mbao?

Kwanza tusiwahukumu waliofunika. Baridi ya Mbulu twaijua, nayo hupenya katika nyufa za mbao. Huenda mama alitandika ili watoto wasichomwe na vibanzi. Lakini zulia halichagui: hufunika mbao nzima na iliyooza vilevile. Unyevu ukinaswa chini yake mbao huoza, na mchwa hula gizani mpaka siku mguu unapotumbukia. Kufunika, basi, si kutengeneza.

Tukumbuke na mti. Mti wa mbao ngumu huchukua miongo mingi kukomaa. Tukitupa sakafu nzima kwa ajili ya mbao tatu mbovu na kuweka nyingine, twaagiza mti mwingine ukatwe, nasi twajua jinsi Msitu wa Nou unavyotutunzia maji.

Kazi yenyewe yataka subira: kung'oa misumari, kubadili mbao zilizoliwa, kupiga randa na msasa, kisha kupaka mafuta ya kitani. Penye rangi ya kale tujihadhari, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru watoto. Tulowanishe kwanza, na watoto wakae mbali.

Kazi ikiisha, kiraka kipya hakitafanana na mbao za kale. Je, tukifiche? Twaonelea kiachwe kionekane, maana chasema kweli: hapa palioza, hapa pametengenezwa. Tazameni Kanisa Kuu la Kristo, Unguja. Lilijengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Sakafuni, mbele ya madhabahu, lipo duara la marumaru nyeupe. Kwa mapokeo, hapo ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa. Pangeweza kufunikwa, aibu ikasahauliwa. Badala yake pana alama, na kila akaribiaye huiona.

Wengine watasema: tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilizika nyumba za Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Je, ni haki kuhangaikia mbao? Neno hilo ni zito. Kama fedha ni moja tu, jirani asiye na paa atangulie. Lakini msasa na jasho letu havimnyang'anyi jirani kitu. Zulia jipya la kuficha ubovu ndilo hula fedha bure. Tena wenye nyumba zile wangejengaje upya bila kuzoa tope kwanza? Hakuna atandikaye mkeka juu ya tope akasema nyumba imepona.

Na ugomvi wa ndugu ni vivyo hivyo. Twaufunika kwa chai na salamu, nao waendelea kuoza chini kwa chini hata wajukuu wakaurithi.

Basi, kabla ya kununua zulia jipya, inua pembe moja ya lile la zamani, utazame.