Haki ya Kusema Hapana

Katiba ya uhuru ya Kenya ilitolewa kwa amri ya Malkia wa Uingereza mwaka 1963, baada ya mazungumzo ya Lancaster House, London. Wengi huamini kuwa asili hiyo ndiyo iliyoiua: haikuwa yetu, basi haingedumu. Lakini tazama kilichong'olewa na kilichoachwa. Serikali za majimbo zilifutwa, Seneti ikavunjwa 1966, KANU ikafanywa chama pekee halali 1982, na 1988 majaji wakapoteza kinga dhidi ya kufutwa kazi ovyo. Wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya (maDC) na machifu, waliokuwa mkono wa gavana wa kikoloni, walibaki, na kuwafunga watu kizuizini bila kesi kukaendelea. Hayo yote yalifanywa na wenyeji, bungeni Nairobi, nao wakahifadhi yale yaliyomfaa mkoloni. Mahali katiba inapoandikwa, peke yake, hapaipi uhalali.

Nadhani uhalali huo huanza pale mtawala anapolazimika kuwauliza raia swali ambalo wanaweza kulikataa. Uchaguzi wa Mei 1963 uliwapa Wakenya watawala. Katiba yenyewe haikupigiwa kura, na ilipokatwakatwa raia hawakuwa na neno lao la kuitetea. Swali liliulizwa kwanza tarehe 21 Novemba 2005, katika kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba mpya. Ndizi ilikuwa alama ya ndiyo, chungwa ya hapana. Chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58, na serikali iliyoipigia debe rasimu ile ikakubali kushindwa. Kwangu mimi, katiba ya sasa ilizaliwa siku hiyo zaidi ya siku ilipozinduliwa, 27 Agosti 2010.

Nitaambiwa kura ile ilikuwa ugomvi wa vigogo na hesabu za kikabila, na kwamba wachache waliisoma rasimu. Ni kweli, na inauma. Hata hivyo, anayekataa kwa sababu dhaifu amekataa, na tangu hapo kila mwandishi wa katiba alijua kazi yake yaweza kutupwa. Katika Kamati ya Wataalamu iliyoandaa rasimu iliyofuata, watatu kati ya tisa walitoka Uganda, Zambia na Afrika Kusini. Hilo halikuwazuia takriban asilimia 67 ya wapiga kura kuikubali rasimu 2010. Kisha viongozi walipotaka kuibadilisha kupitia mpango wa mageuzi ulioitwa BBI (Building Bridges Initiative), raia walikwenda mahakamani, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyotengewa wananchi.